Samaki wa Marehemu

Dobi alikuwa akilinyunyizia maji shati la mwalimu, tayari kulipiga pasi, marehemu mumewe alipoingia kwa mlango wa uani akaketi kwenye benchi la wateja. Alikuwa amelowa chapachapa. Sanda ilimganda mwilini, na maji yakamchuruzika hata yakafanya kidimbwi chini ya miguu yake. Dobi aliisimamisha pasi, akachukua shuka kavu katika nguo zilizokwisha kunyooshwa, akamfunika mabegani.

"Umepita wapi hata ukalowa hivi?"

"Ziwani. Ndiyo njia niliyofunguliwa."

Katika kidimbwi kile dagaa walikuwa wakirukaruka, wembamba, weupe kama sindano. Dobi akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha maji, akapiga magoti kuwaokota.

Kazi hiyo aliifahamu kwa mumewe. Enzi za uhai wake alikuwa fundi wa pampu katika kituo cha kuvutia maji, na kila alfajiri, baada ya sala, alikuwa akifungua chujio la bomba kubwa na kuwatoa dagaa walionaswa humo, akiwarudisha ziwani kwa kiganja. Kwa sababu hiyo chai yake ilikuwa ikipoa siku zote, na mkewe akinung'unika siku zote. Marehemu sasa alimtazama akiokota mpaka alipomaliza.

"Hawa walikuwa wamejificha katika mikunjo ya sanda," akasema. "Hawana pengine pa kujificha. Yule uliyeniachia jana alinifuata mpaka ukingoni akiwatafuta."

Akaonyesha pindo la sanda. Lilikuwa limetafunwa.

Ni kweli kwamba jana yake dobi alikuwa amemwachia samaki. Alimnunua katika duka lililo kati ya fundi simu na kinyozi, ambalo dirishani lilikuwa na matangi ya kioo na visamaki vya mapambo, rangi tupu. Nyuma ya pazia palikuwa na mapipa, na mapipani mlikuwa na samaki mwingine, aliyeletwa kutoka mbali, mwenye mdomo mpana na meno yaliyoinamia ndani. Watu walimwita mgeni. Sheria ilikataza kumuuza, kumfuga na kumtia katika maji yoyote ya nchi, na tangazo la katazo hilo lilikuwa limebandikwa kwenye lango la soko, mahali pa kusomwa na kila apitaye.

Hapo mwanzo muuzaji aliwauzia waliotaka kumfuga uani. Mgeni alipowashinda kwa ukubwa na ulafi, walimmwaga ziwani wakanawa mikono. Kisha muuzaji akavumbua wateja wengine, nao ni wafiwa.

"Mnunulie marehemu wako mmoja, umwachie huru," alikuwa akiwaambia kwa sauti ya upole, tasbihi ikining'inia kwenye mzani wake. "Kila pumzi atakayoivuta ni thawabu kwa yule uliyemzika."

Imamu alisimama juu ya mimbari akasema kwamba neno hilo hakulisoma katika kitabu chochote, wala hakulisikia kwa mwalimu yeyote. Waumini walimsikiliza kwa adabu. Lakini wakati huo marehemu walikuwa wamekwisha kuanza kuja, na imamu hakuwa na hoja ya kumshinda mtu ambaye mama yake alikuwa ameketi sebuleni akidondoka maji.

Dobi hakununua kwa ujinga. Alikuwa ametoa sadaka ya nguo, ya chakula na ya visomo. Alitaka tu, mara moja, kumpelekea mumewe kitu kilicho hai.

"Mgeni anakula mayai kwanza," marehemu akaeleza. "Kisha anamla mama anayeyalinda. Maji ya kina kifupi yamenyamaza. Usininunulie tena, mama watoto."

"Nimesikia, baba watoto."

Aliondoka kabla ya adhana ya adhuhuri, akiliacha shuka limekunjwa vizuri kwenye benchi. Dobi alikichukua kikombe akaenda nacho ziwani, kwa kuwa hakujua pengine pa kuwapeleka dagaa. Alipokiinamisha, maji yalifumbuka, yakajifumba.

Kutoka hapo akamwendea jirani yake mshonaji, aliyekuwa akitia uzi katika cherehani.

"Wako amekuja?" mshonaji akauliza bila kuinua macho.

"Amekuja."

"Kalowa?"

"Chapachapa."

"Alhamdulillahi! Basi thawabu zimemfika. Mlango hawafunguliwi bure."

"Shoga, amesema tusinunue tena. Wanalimaliza ziwa."

Mshonaji akacheka mpaka uzi ukamtoka sindanoni. "Mama yangu naye kasema hayo hayo, kaketi papo hapo ulipo. Wewe humjui mama yangu? Katika uhai wake hakupata kusifu kitu! Siku ya harusi yangu alinitazama, akasema mikono ya gauni mirefu. Leo namletea thawabu, ananung'unikia samaki. Namuachia mwingine Ijumaa, pengine atapoa."

Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba nyingi. Marehemu walikuja na sanda zilizotafunwa, wakasihi, wakakataliwa kwa mapenzi, wakaandaliwa chai. Kuja kwao kulikuwa ushahidi uliotosha. Walichokuja kukisema hakikuongeza kitu. Duka likapanuliwa mpaka kwa kinyozi.

Afisa wa uvuvi alifika na kufuli na hati ya kulifunga. Muuzaji alimvutia kiti, akampa pole ya msiba wa baba yake, kwani habari ilikuwa imeenea. Afisa alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa na mfuko wa plastiki uliojaa maji, umefungwa shingo, na ndani yake kitu kikigeuka kwa taabu. Siku iliyofuata baba yake aliingia ofisini, akasimama mbele ya meza akilowesha majalada, akamwambia mwanawe atimize kazi yake. Afisa alisimama kwa heshima mpaka mzee alipomaliza.

"Baba, jambo lako tumelipokea," akasema. "Tunaliundia kamati."

Dobi alikwenda mwenyewe kwa muuzaji.

"Unauza kilichokatazwa."

"Mama, mimi nauza samaki," akamjibu, akipangusa kioo cha tangi. "Wanaomtia ziwani ni nyinyi."

Dobi akarudi kwenye nguo zake.

Hakununua tena, na mumewe hakuja tena. Benchi lilikauka. Likakaliwa na wateja, nao walikuwa wateja tu. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa kandokando ya njia ya soko walianza kuuza vitunguu, kisha mkaa. Katika kituo cha pampu, fundi mpya alilifungua chujio kila alfajiri akalikuta safi. Alishukuru, akawahi chai yake ingali moto. Dobi alimwona akipita mapema, akageuza uso.

Kisha binti yake aliyeolewa mbali akapiga simu. Amejifungua salama, mtoto wa kiume.

"Mama, ungeyaona masikio yake! Ya baba matupu. Yamesimama kama mishikio ya sufuria."

Dobi alicheka, akamwombea mtoto umri na imani, akakata simu. Akageukia benchi apate kusema. Alikuwapo mteja aliyefuata suruali yake. Dobi akampa suruali. Akamaliza mashuka ya hospitali, akayapanga, akaichomoa pasi. Kisha akajitanda mtandio akatoka.

Muuzaji alifunua pazia, akamwacha achague. Dobi aliinamia pipa moja baada ya jingine, akichungulia kwa muda mrefu, na wa nyuma yake katika foleni wakaanza kuguna. Ziwani alinuia jina la mumewe, akafungua mfuko, akarudi nyumbani pasi na kutazama nyuma.

Mumewe alikuja asubuhi, wakati wa kunyunyizia nguo maji. Sanda ilikuwa imeliwa mpaka magotini. Dobi alimfunika shuka, na yeye akajifunika vizuri kwa haya, kama mtu aliye ugenini. Katika kidimbwi chini ya miguu yake hamkuwa na kitu. Dobi alikuwa amekwisha kukishika kikombe, akakirudisha mezani.

Hawakuzungumza habari ya ziwa. Dobi alimsimulia habari za mjukuu, kilio chake, ulaji wake, kisha masikio. Marehemu aliyashika yake, akacheka kicheko kile cha pembeni ambacho mkewe alikuwa ameanza kukisahau. Akaomba asimuliwe tena tangu mwanzo, akasimuliwa. Dobi aliinyoosha kwa pasi ile sehemu ya sanda iliyosalia, mvuke ukapanda kati yao.

Adhana ilipokaribia marehemu alisimama, akalikunja shuka, akakaa kidogo mlangoni.

"Ukinunua tena," akasema, "chukua mdogo."

"Huyu wa jana ndiye aliyekuwa mdogo," akasema mkewe.