Aliyefungua Ndiva ya Mkweni

Jioni ile Nambike alirudi kutoka misheni, macho yamewiva kwa vumbi la vitabu vya zamani na moyo umechoka kuliko miguu. Kesho yake ukoo mzima ungekutana, na kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma masomo ya jioni akayamaliza, alipewa kazi ya kuandika, na kusoma mbele ya watu, habari za Senkondo, anayesimuliwa kuwa wa kwanza katika ukoo kupanda milima ya Upare kutoka tambarare na kuchimba ndiva, lile bwawa ambalo kijiji cha Mkweni hulima kwa maji yake hadi leo. Shida ni kwamba vitabu vya misheni, vya mazishi na vya ubatizo, vilimkataa Senkondo. Kimoja kilisema amezikwa tambarare. Kingine, cha miaka ishirini na sita baadaye, kilisema amebatizwa Mkweni, akaoa mwaka uleule. Baba yake mdogo, Elikana, alicheka aliposikia, akasema basi babu yetu alikuwa dume kweli, hata kaburi halikumzuia kuoa. Kisha akaacha kucheka, akamtaka afute mwaka mmoja, habari inyooke, ukoo usichekwe. Nambike hakukubali wala hakukataa. Alijilaza kumnyonyesha mwanawe Tumsifu kabla ya kwenda kupika, jua likiwa bado ukutani, na usingizi ukawachukua wote wawili.

Akajiona yuko kwenye mteremko asioujua, nyasi zake laini na za manjano kama kurasa za kale, na kila alipokanyaga, jani lilinong'ona jina la mtu. Mbele yake aliketi Majivuno, mnene, amevaa kanzu tatu moja juu ya nyingine, akishona mtu. Kiwiliwili kilikuwa cha mzee mwenye mvi, miguu ya bwana harusi, na kila aliposimamishwa aliyumba akaanguka. Majivuno alimwomba Nambike amshikie uzi kidogo tu, akamwahidi kwamba kesho watapigiwa makofi. Kando yao mama mpole aitwaye Sahau alikuwa akifagia njia, na alipoulizwa anafagia nini, alijibu bila ubaya wowote kwamba ni nyayo tu, za watu ambao hakuna aliyewahi kuwaulizia.

Nambike alikuwa ameshaushika uzi alipofika Subira, mama wa makamo, tope hadi magotini, jembe begani. Hakumkemea. Alikaa chini, akapumua, akamuuliza mtoto wa kwanza wa kiume kwao huitwa nani. Nambike akataka kucheka, maana hilo kila Mpare analijua: huitwa jina la babu yake, mzaa baba.

"Basi, mwanangu, hawa ni watu wawili," Subira akasema. "Wa kwanza alifia tambarare, mlima hakuuona. Wa pili alizaliwa huku juu. Umehesabu miaka yao mpaka ukachoka, hujauliza ni nani aliyelipandisha jina la baba mkwe wake mlima wote huu, akampa mwanawe."

Nambike akatazama pale ambapo ufagio wa Sahau haukuwa umefika. Kulikuwa na nyayo za mtu mmoja, visigino vimezama kama vya mtu aliyebeba uzito. Akauachia uzi. Yule mtu wa kushonwa akaachana taratibu, wakawa wawili wazima, mzee na kijana, wakatazamana kwa haya ya watu wanaofanana. Majivuno akauliza, sasa makofi yatakuwa ya nani? Nambike alikuwa ameshaweka mguu wake ndani ya unyayo ule, na maji yakaanza kumpanda, ya uvuguvugu, hadi akaamka na kukuta Tumsifu amemlowesha.

Hakuinuka upesi. Alibaki amejilaza, akielewa. Kule misheni aliitazama safu ya baba peke yake, kama vitabu vyote vya ukoo vinavyoandikwa kwao, akaikuta tupu, na jicho lake likairuka safu ya pili, ya mama, kana kwamba haina wino. Akafungua kwenye simu picha aliyoupiga ukurasa ule wa ubatizo, akaikuza. *Senkondo, mwana wa Nakijwa, mjane kutoka tambarare. Amezaliwa kando ya ndiva ya mama yake.* Na mwaka wa kuzaliwa ulikuwa ule uliofuata yale mazishi.

Elikana alipopita kuuliza kama karatasi imekamilika, Nambike alimpa simu asome mwenyewe. Mzee akaanza kusema kwamba kwao mwanamke hachimbi wala hafungui ndiva, halafu akavaa miwani, akasoma mara mbili.

"Mumewe yuko wapi hapa?"

"Hayupo, baba mdogo. Kuna neno mjane tu."

Elikana akahesabu kwa vidole, ndiva kwanza, kisha mtoto.

"Ina maana alichimba akiwa na mimba."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Elikana akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kesho ukifika kwenye jina la mama huyu, usiharakishe," akasema. "Ngoja kwanza niwaambie wanaume wasimame."