Mtindo wa Mtu Mmoja

Luciana alipopangiwa kufundisha shule moja ya msingi mbele ya Ilongero, alishuka kijijini na godoro, masufuria mawili na sanduku la vitabu. Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na mkanda wa kahawia wa karate. Hakumwonyesha mtu. Angeuvaa kwa ajili ya nani?

Karate alijifunza Singida mjini alipokuwa chuo cha ualimu. Mwalimu wao, Sensei Abdillahi, alikuwa na wanafunzi wapatao ishirini, na wanawake walikuwa wawili tu: yeye na Johari, binti wa familia ya wafanyabiashara wa sokoni. Johari alikuwa mrefu, mikono mirefu, tena anayetumia mkono wa kushoto. Luciana alikuwa mfupi, mapaja mazito, Mnyiramba wa Kiomboi asiyependa kushindwa. Kwa miaka mitatu walipangwa wao kwa wao. Walipigana, wakanuniana, wakapatana, wakala mihogo ya kukaanga kwenye mfuko mmoja wakirudi makwao. Kisha Johari akaolewa Shelui, na Luciana akapata kituo cha kazi. Simu zikapungua, zikabaki za Idi na Krismasi. Mwishowe hata hizo zikakoma, bila ugomvi wowote.

Watu wa kijiji walikuwa wema kwake. Walimletea maziwa ya mgando, wakamwita kwenye harusi na misiba. Lakini maongezi yakinoga walirudi kwenye Kinyaturu chao, naye akawa anacheka pale wenzake wanapocheka, akiwa amechelewa kidogo. Jioni aliwaaga mapema. Akifika nyumbani aliwasha redio kabla ya kuwasha moto, ili ndani kuwe na sauti ya mtu.

Mwaka wa pili ndipo alipoanza mazoezi. Shule ikishafungwa, jua likiwa bado juu ya mawe, alikwenda nyuma ya nyumba akarudia aliyofundishwa. Uwanja ulikuwa wa changarawe, mateke ya juu yakamtelezesha, na goti likaanza kuuma. Akayaacha mateke. Hapo akaanza kutafuta ya kwake.

Aliona kwamba mtu mfupi hana sababu ya kushindana na urefu. Anaweza kupita chini yake. Hatua fupi kulia, bega mbele, kiwiko kinapanda mbavuni, mguu unafagia kisigino. Pigo hilo aliliita Mlango wa Zizi, kwa sababu lazima uiname ndipo uingie. Jingine aliliita Kupepeta, kwa jinsi mikono miwili ilivyomtupa mtu kando kama makapi ya mtama. Yote aliyaandika kwenye daftari, na picha za vijiti. Mzee Mughwai, jirani yake, alisimama siku moja na ng'ombe wake, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza mwalimu anapigana na nani. Luciana alimwamkia, akamjibu kwamba ni mazoezi ya mwili tu. Mzee akaitikia, akaswaga ng'ombe wake, asiulize tena.

Miaka sita ikapita hivyo. Daftari likajaa, akaanza la pili.

Likizo ya mwezi wa sita aliamua kwenda mjini kumwonyesha Sensei. Alimkuta ana mvi, kwenye ukumbi mwingine, na wanafunzi asiowajua. Luciana akapiga mtindo wake wote mbele yao, mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyecheka. Sensei akamtoa Derick, fundi rangi, mfupi kama yeye, wapambane kidogo.

Luciana alijiona ameiva. Aliingia kulia, akainama apite chini ya mkono. Mkono haukuwepo. Ulikuja kutoka upande mwingine, ukampata sikioni. Alijaribu tena, akapigwa tena. Mara ya tatu alikaa chini kwenye sakafu, kichwa kikivuma, asielewe kosa liko wapi.

Sensei alimwacha apumzike, akamwita Jenipher, muuguzi mrefu anayetumia kushoto. Kwa Jenipher mambo yalikwenda kama maji. Mara tatu Jenipher alirusha mkono, mara tatu akajikuta chini, akishangaa amefikaje. Wanafunzi wakapiga makofi. Sensei hakupiga. Alimchukua Luciana pembeni, karibu na dirisha.

"Kazi yako ni safi," alimwambia. "Sijaona mtu aliyebuni vitu kama hivi akiwa peke yake. Lakini huu si mtindo wa kupigana na watu, Luciana. Ni mtindo wa kupigana na Johari."

Luciana alimshukuru, akavaa viatu vyake. Stendi alikaa kwenye benchi akafungua daftari. Mkono wa kushoto ukija. Akiwa mrefu. Akipenda kuanza yeye. Kurasa na kurasa, na jina la Johari hakuliandika hata mara moja. Miaka sita alikuwa anadhani anajitafuta yeye.

Kesho yake alipanda basi la Shelui. Duka la Johari lilikuwa kando ya barabara kuu, malori yamepanga foleni mbele yake. Johari alimkumbatia mpaka machozi yakamtoka. Akampakulia pilau, akamwonyesha picha za watoto, akainuka kuhudumia wateja, akarudi, akainuka tena. Alikuwa amenenepa, na uso wake ulikuwa na raha. Luciana alifurahi kuiona raha ile, na bado ikamchoma.

Wateja walipopungua alimwomba watoke uani, wasimame kama zamani, dakika moja tu. Johari alicheka, akakaza mtandio, akainua mikono. Kwa nukta moja alikuwa yeye yule, bega la kushoto likiwa nyuma, macho yamefinyana. Luciana akangoja. Mikono ikashuka taratibu.

"Mwili umesahau, Lusi," Johari alisema. "Hata siukumbuki wakati ule vizuri. Wewe bado?"

"Kidogo," Luciana alijibu.

Daftari lilikuwa kwenye mkoba begani. Halikutoka. Waliahidiana kupigiana simu, na Johari akamfungia vitumbua vya njiani. Ndani ya basi Luciana alivila vyote, akitazama nje, asihisi ladha yake.

Jumamosi alirudi ukumbini na kumwomba Sensei ampange na Derick. Sensei alimtazama, akamwuliza kama ana hakika. Alisema anayo. Alipigwa siku hiyo zaidi ya mara ya kwanza, kwa sababu hakuwa na pigo hata moja la kumtosha Derick. Ilibidi amtazame kama mtu anayemwona leo kwa mara ya kwanza. Karibu na mwisho aliweza kukinga mkono mmoja. Mmoja tu.

Alasiri bodaboda iliyomrudisha Ilongero iliendeshwa na kijana wa huko huko, aliyemjua. Aliuona mdomo umevimba, akauliza kwa hofu nani kampiga mwalimu.

"Anaitwa Derick," Luciana alisema. "Jumamosi ijayo atanipiga tena."

 Kijana akawasha pikipiki, akaendesha polepole kwenye mashimo mpaka walipofika.