Maiki kwa Mtu Anayenong'ona

Jumatano, tarehe 12 Machi 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulilala juu ya Murungu mpaka migomba ikawa haionekani, na manyunyu yalianguka polepole, yale yanayomlowanisha mtu bila yeye kujua. Maximilla, kiongozi wa kwaya, alijifunga kitenge kichwani, akasimama mlangoni pake na kuomba: "Bwana, leo uongoze mkono wangu. Nichague kilicho chema." Kisha akaongozana na mzee Bazilio, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mpaka Kibondo, wakapanda basi la Kasulu.

Walikuwa wanakwenda kununua maiki isiyo na waya, na kila mtu Murungu alijua ni kwa ajili ya nani. Mwinjilisti Anatoli alikuwa na uvimbe kooni. Madaktari wa Mwanza walikuwa wamempangia upasuaji, na walimweleza bila kumficha kwamba wataondoa na sauti yenyewe. Akipona, atapona akiwa bubu. Jumapili iliyokuwa mbele yake ndiyo ya mwisho kabla ya safari. Tayari kilichobaki kooni mwake kilikuwa mnong'ono, kama wa mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala.

Hakuomba kuhubiri. Aliomba kutaja nyumba.

Hiyo ilikuwa desturi yake tangu alipofika Murungu akiwa kijana. Mwisho wa kila ibada alisimama mbele, bila karatasi, akazitaja nyumba za kanisa moja baada ya nyingine, na kila nyumba ikisikia jina lake ilijibu, "Tupo!" Nyumba yenye msiba aliitaja taratibu, akasubiri mpaka mwenye nyumba apate nguvu ya kujibu. Wapo waliokuja kanisani kwa ajili ya hilo tu. Mtu anaweza kusahauliwa na watoto wake walioko mjini, lakini Jumapili atatajwa.

Duka la Saady lilikuwa karibu na soko la Kasulu, limejaa redio na nyaya mpaka darini. Mzee Bazilio alipiga makofi kwa heshima, kama Waha wanavyosalimiana.

"Mwakeye!"

"Mwakeye, mzee wangu," Saady alijibu, naye akapiga makofi, ingawa baba yake alikuwa mtu wa pwani. "Leo mmekuja kununua au kunihubiria?"

"Kukuhubiria tulishachoka. Tumekuja kununua."

Saady alicheka, akaweka juu ya meza maiki za aina mbili. "Hii ndogo inavaliwa sikioni, inakaa karibu na mdomo. Inanasa hata pumzi. Lakini iko peke yake, na bei yake inazipita hizi mbili za mkononi kwa mbali. Hizi mbili ni za bei yetu sisi. Zinafanya kazi vizuri, ila zinataka mtu mwenye kifua."

"Kifua?" Bazilio alimwelekezea Maximilla kidole. "Si hiki hapa? Huyu akikohoa Murungu, Kibondo wanaitikia afya!"

"Mzee, hebu acha," Maximilla alisema, lakini alikuwa anatabasamu.

"Siachi. Sisi wazee tumeliamini sikio lako. Ukisema hii, ni hii."

Maximilla aliitazama ile ndogo, nyembamba kama mguu wa panzi. Akazitazama zile mbili, zinazong'aa. Moja ingekuwa ya Mwinjilisti, na moja ya kwaya. Waimbaji wake walikuwa wamezoea kugombania maiki moja, waya wake umeviringishiwa utepe wa gundi kila mahali. Aliona nyuso zao watakapoona kuna mbili, na moyo wake ukawa umeshaelekea huko kabla hajaamua.

"Jaribu, mama," Saady alisema.

Kanisani kwao maiki hujaribiwa kwa njia moja. Anayejaribu hujaza kifua hewa, akasema "Bwana asifiwe!" kwa nguvu zake zote, na watu wakiitikia "Amina!" maiki ni nzima. Hivyo ndivyo Maximilla alivyofanya. Spika ya dukani ilitetemeka. Akaongeza ubeti wa wimbo, na waendesha bodaboda wakageuka.

"Mama, endelea!" mmoja alipaza sauti. "Abiria wangu amesahau anakokwenda!"

Watu walicheka. Maximilla akavaa ile ndogo, akaimba ubeti uleule kwa nguvu zilezile.

"Mimi naona ni mamoja," alisema.

"Kwa sauti hiyo, mama, hata ukiimbia kwenye kopo utasikika," Saady alisema, na wote watatu wakacheka tena. Akafunga boksi la zile mbili. Hakuna hata mmoja pale dukani aliyekumbuka kunong'ona.

Ndani ya basi Maximilla alilipakata boksi kama mtoto, akamshukuru Mungu njia nzima.

Jumapili hapakuwa na mvua. Bati la kanisa lilinyamaza, hata kisingizio cha kelele za mvua Mungu hakuwaachia. Maximilla alizijaribu maiki mapema, akasema "Bwana asifiwe!" na kanisa lote likaitikia. Kwaya iliimba na maiki yake mpya, akina mama wakapiga vigelegele.

Kisha Mwinjilisti Anatoli akasimama. Mke wake, Josepha, alimshika kiwiko mpaka mbele. Alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa shingoni. Alichukua maiki, akafumba macho, midomo yake ikaanza kutembea.

Spika zikatoa mvumo mdogo, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Zaidi ya hapo hakuna kilichosikika.

"Isogeze mdomoni, Mwinjilisti," Bazilio alisema kutoka kwenye mashine ya sauti, aliyokuwa akiiendesha.

Ilikuwa tayari imegusa midomo. Bazilio akaongeza sauti. Spika zikapiga ukelele mkali, watoto wakaziba masikio, akarudisha haraka. Mvumo ukarudi. Mwinjilisti alikuwa bado anasema, macho yamefumbwa, na watu waliokuwa wamezuia pumzi wapate kujibu hawakujua wajibu nini.

Hapo ndipo Maximilla alipoelewa alichokifanya Kasulu. Akatoka kwenye kwaya, akakimbia mbele, akaweka sikio lake karibu na mdomo wa Mwinjilisti. Ilikuwa pumzi ya moto yenye harufu ya dawa, na ndani yake, kwa mbali, jina.

"Nyumba ya Bazilio!" alisema kwa sauti.

"Tupo!" Bazilio alijibu, na sauti yake ikakatika.

"Nyumba ya Safina!"

"Tupo!"

Jina la tatu alilipata nusu, akalikamilisha kwa kuwa alilifahamu. Nyumba hiyo nayo ikajibu. Baada ya hapo pumzi ilikuja tupu. Aliliegemeza sikio mpaka likagusa midomo yake. Bwana, nipe jina moja tu, aliomba moyoni. Midomo ilitembea, na hakupewa kitu.

"Endelea," Bazilio alimnong'oneza akiwa amesogea karibu. "Nyumba zote unazijua. Taja tu."

Ni kweli alizijua, zote, na utaratibu wake. Alifungua mdomo. Kisha Mwinjilisti akakohoa, akainama, na kitambaa cha Josepha kikawa chekundu. Vijana wakamshika, wakampeleka kwenye gari lililokuwa likisubiri nje. Gari liliondoka, na maiki ikabaki juu ya benchi, inavuma.

Katika safu ya kina mama Evaline alikuwa bado amesimama. Mwezi wa kwanza alimzika mwanawe, na Jumapili zote zilizofuata hakuweza kuja kanisani; hii ilikuwa ya kwanza.

"Dada Maximilla," alisema. "Mimi amenitaja?"

Kanisa zima likageuka kumtazama Maximilla.

"Mwambie ametajwa," Bazilio alisema chinichini. "Itakupunguzia nini?"

"Sikusikia, Evaline."

"Akitoka Mwanza atakuandikia, mama," Bazilio alimwambia Evaline kwa upole. "Mkono wake ni mzima."

"Karatasi nitaijibuje, mzee? Mimi nilitaka nimsikie, nimwambie tupo."

Akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga. Maximilla aliiokota maiki, akaizima. Alimtafuta Mungu kwa maneno ya kuomba, akayakosa. Akawageukia watu, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa kubwa, ikawabidi wainame mbele kumsikiliza.

"Ni mimi niliyechagua hizi. Nilizijaribu kwa koo langu, nikalisahau lake. Sasa mtakuja kwangu, mmoja mmoja, mtaniuliza kama aliwataja. Mbele za Mungu, na mbele yenu ninyi mashahidi, naahidi: nyumba nilizozisikia nimeshazitaja. Wengine wote nitawajibu kwamba sikusikia, hata mkilia. Na mimi mwenyewe nyumba yangu sikuisikia. Jina ambalo hakunipa, sitalitia kinywani mwake."