Picha ya Anayesema

Katibu Anania wa tawi la chama alikuwa mgeni Mbalizi, kahamishwa juzijuzi kutoka Iringa, mwaka ule wa sabini na tano, na majina ya watu hajayashika. Ndiyo sababu siku ya mkutano wa bomba la maji alimsimamisha Muhidini mpiga picha kando ya meza yake.

"Vijana nasikia mna maneno," alisema. "Semeni. Ila kila atakayesema atapigwa picha, na picha itakwenda wilayani."

Seni, kijana aliyeapa tangu asubuhi kwamba ataanza yeye, aliinuka nusu, akaiona kamera inamgeukia, akakaa.

"Vipi, kaka, miguu imekufa ganzi?" Kudra, binti aliyekaa kando yake, alimnong'oneza.

"Simama wewe basi. Si wewe mwenye barua kwake?"

Hapo alimchoma. Barua ya Kudra ya kuombea chuo cha ualimu ilikuwa kwa katibu, inangoja muhuri wa tawi la chama, na bila muhuri chuo hakuna. Baba yake, mzee Halfani muuza duka, alimwonya walipotoka nyumbani: funga mdomo mpaka muhuri ugongwe. Lakini mwenye ufunguo wa bomba alikuwa akilifungua vijana wakiwa shamba la kijiji, analifunga kabla hawajarudi, na jana mdogo wake Kudra aliteleza mtoni akifuata maji, akavunjika mkono.

Kudra alijikuta amesimama.

Muhidini akainua kamera.

"Ngoja kwanza," akasema Mama Anyitike, jirani yao, akijikokota kutoka nyuma. "Binti wa watu hapigwi picha peke yake kama mshitakiwa."

Akamweka sawa mtandio, akasimama kulia kwake, kidevu juu, mdomo kaufumba, mikono kaibana mapajani, kama watu wa huku wanavyosimama mbele ya kamera. Wanawake wengine, kuona picha, wakaja wakijipangusa vumbi. Seni naye akachomoka alipokaa, akajiunga nao, aibu imemshika.

"Mpige anayesema tu," katibu akafoka.

"Ndugu Katibu, nitampataje?" Muhidini akasema. "Wamejibana, na midomo wameifunga wote."

Katibu akamkazia macho Kudra. "Jina lako nani?"

Kando kule baba yake alikuwa anatikisa kichwa.

"Kudra Halfani. Barua yangu ya chuo iko kwako, haijagongwa muhuri. Bomba lifunguliwe jioni, tukitoka shamba. Hilo ndilo lililonisimamisha."

Katibu akapitisha macho kwenye ule mstari. Hakuna aliyerudi kukaa. Mzee Halfani akavua kofia, akaivaa tena, akaenda kusimama mwisho wa mstari.

"Bomba litafunguliwa jioni," katibu akasema mwishowe. "Habari ya barua, muhuri uko ofisini."

"Tutakusindikiza, baba," akasema Mama Anyitike.

Wakamfuata wote, Kudra mbele, na Muhidini na kamera yake nyuma yao.