Nyumba ya Pumzi

Nuru ya asubuhi iliingia kwa dirisha moja tu, na kabla haijagusa meza ya kupigia pasi, kabla haijagusa shati la mtu yeyote, iligusa puto. Puto jekundu, limefungwa uzi, limening'inia msumarini. Nuru ikapenya katikati yake kama chai inavyopenya chujio, ikatokea upande wa pili imegeuka nyekundu, ikatua ukutani. Na ndani ya wekundu ule vumbi la pamba lilicheza, likipanda, likishuka, halina haraka ya kufika popote.

Ndani ya puto lile mlikuwa na pumzi ya mtu.

Mwenyewe alikuwa mbali. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi ilimwita kwenye ghala kubwa lililokuwa likiezekwa, mahali ambapo simu hushika ukipanda juu ya lundo la mchanga. Asubuhi ya kuondoka, begi liko begani na mguu mmoja uko mlangoni, alilipuliza puto lile mpaka mashavu yakamvimba na macho yakamtoka, na binti yake akacheka hata akakaa chini. Akalifunga uzi. Akalitundika. Akasema:

"Chiriku, unaliona hili? Kabla halijaisha pumzi, baba yako nimesharudi."

Ulikuwa utani wa mtu anayekimbilia basi. Lakini mtoto wa miaka mitano hana rafu ya utani na rafu ya kweli. Rafu yake ni moja. Maneno ya baba aliyaweka hapo hapo alipoweka jua na maji na jina lake mwenyewe.

Na puto likapungua.

Halikupungua kwa kishindo. Lilipungua kama sabuni inavyopungua, ukiitazama huoni, ukiisahau inakwisha. Ngozi yake ikalegea, ikakunjamana karibu na fundo. Na kadiri lilivyosinyaa ndivyo rangi yake ilivyokolea, ndivyo nuru ilivyoshindwa kupenya, na lile doa jekundu la ukutani likawa hudhurungi, kisha kivuli tu.

Mtoto yule aliitwa Chiriku kwa sababu alisema tangu anafumbua macho mpaka anayafumba. Baba yake alipenda kusema kwamba huyu mtoto alimeza redio. Sasa redio ilizimwa. Alikaa chini ya msumari, kila baada ya muda akasimama juu ya kigoda, akalishika puto kwa viganja viwili kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akalipima, akashuka. Hakulia. Afadhali angelia.

Aliyekuwa akimtazama ni mke mpya wa baba yake. Mama mzazi alitangulia mbele ya haki kabla mtoto hajaijua sura yake, na huyu wa sasa alikuja na meza yake, pasi yake ya mkaa, na kazi yake ya kunyoosha nguo za watu. Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Chiriku naye alimwita Mama Pasi, kwa heshima zote, kama mteja. Mama Pasi, nina njaa. Mama Pasi, kiatu kimekatika. Na yeye aliitika. Jina ni jina, ila mwenye kuitwa ndiye ajuaye linamchoma wapi.

Jumapili simu ikalia. Sauti ya mume ilikuja na upepo ndani yake. Paa limekwisha, alisema, lakini sasa wenyewe wanataka na milango, na mageti, na ngazi. Atachelewa. Mpe Chiriku simu.

Chiriku akaishika simu kwa mikono miwili. Akalitazama puto. Akairudisha.

"Ulimwahidi nini mtoto?" mke akauliza.

"Mimi? Sijaahidi kitu. Nilimtania tu, habari za puto."

"Haya. Utani wako unakuja kunipasukia mimi huku."

Akacheka kule mbali, kisha kicheko kikakatika katikati, na mke akajua amekumbuka.

Tuseme ukweli: mama wa kambo aliwaza hila. Dukani kulikuwa na maputo mengine mekundu, mapacha wa lile. Mtoto akilala mchana, mtu angeweza kulishusha moja na kulipandisha jingine. Hata alisimama mbele ya msumari, midomo tayari. Lakini akafikiri: litakuwa na pumzi yangu. Mtoto atalibusu, atalipima, atalilinda, na kumbe analilinda jina la mwingine juu ya pumzi yangu. Akaiona njia ile ndefu sana, haina mahali pa kugeuzia. Akaiacha.

Kama vile mtoto amesikia mawazo, jioni ile alisema: "Usije ukaliongeza, Mama Pasi. Itachanganyika."

"Sitaliongeza."

Na puto likapungua.

Siku moja ya mawingu, Mama Pasi alipolisogeza puto karibu na meza ili afagie, pasi ikiwa imejaa makaa mekundu, jambo likatokea. Puto likajaa. Mikunjo ikanyooka, ngozi ikakaza, na Chiriku akaruka kutoka kwenye kigoda.

"Baba amevuta pumzi!"

Ilikuwa joto tu. Hewa ikipata joto hutanuka, kama mtu aliyesifiwa. Lakini nani angekuwa na moyo wa kumwambia hivyo mtoto anayecheza dansi peke yake katikati ya nguo za watu? Makaa yakafa. Puto likalegea zaidi ya mwanzo. Na mtoto akauliza, kwa sauti ndogo:

"Limevuta, halafu limetoa?"

Hapo mwanamke akaweka pasi chini. Akapiga magoti, macho yakawa sawa na macho.

"Sikiliza. Mpira unavuja. Kila mpira huvuja, hata wa gari. Siwezi kuuzuia, na baba yako hawezi."

"Basi baba…"

Hakumaliza. Mwanamke akageuza uso, asionekane macho, na macho yale yakaangukia mezani, kwenye koti jeupe la kinyozi wa jirani. Kola yake ilikuwa imetiwa wanga tangu asubuhi. Ilisimama wima, imezunguka, duara kamili. Shingo haimo, na kola imesimama.

"Chiriku," akasema polepole, "kazi yangu mimi ni nini?"

"Kupiga pasi."

"Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kufanya kitu laini kisimame chenyewe. Njoo."

Wakaenda kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa na magazeti ya zamani, ya wateja kusoma wakingoja zamu.

"Chukueni yote," akasema. "Habari zake zimeshaoza. Humo mna ahadi za uchaguzi uliopita, angalieni zisiwaangukie mguuni. Na koti langu, Mama Pasi?"

"Kesho."

"Kesho! Mteja ni mfalme, bwana."

"Basi mfalme asubiri. Nyumbani tuna mgonjwa."

Wakakaa sakafuni. Karatasi huchanwa kwa vidole, haikatwi kwa mkasi, maana ukingo uliochanika una nyuzi, na nyuzi hushikana kama vidole vya watoto wanaovuka barabara. Chraa, chraa, chraa. Chiriku alichana bei za mahindi, akachana mpira wa miguu, akachana waziri pamoja na tai yake. Chumba kikajaa ile sauti, na mahali fulani ndani yake kukawa na sauti nyingine, nyembamba, ya mtoto anayevuma wimbo bila kujua kwamba anavuma.

Wanga ukakorogwa kwanza kwa maji baridi, kisha yakaja maji ya moto, mwiko haupumziki. Kwanza mweupe kama maziwa. Kisha mzito. Kisha, ghafla, unang'aa, unaona mwiko ndani yake.

"Umeiva?" akauliza mtoto.

"Umeiva. Ukipoa, tia mkono."

"Mkono wote?"

"Mkono wote. Leo hakuna wa kukuambia umechafuka."

Lakini puto lilikuwa limelegea, na juu ya kitu kilicholegea hujengi. Mwanamke akawasha makaa, akaliweka puto mahali ambapo mgongo wa mkono wake uliweza kukaa bila kujikunyata. Kipimo chake ni hicho tu, mgongo wa mkono. Karibu zaidi, litapasuka. Mbali zaidi, litasinyaa. Likajaa taratibu, likakaza. Na hapo wakaanza.

Karatasi juu ya karatasi, wanga juu ya wanga.

Mkono mdogo ulipaka, mkono mkubwa ulilaza. Mkono mdogo ulibandika mshazari, mkono mkubwa uliacha mshazari. Pua ya waziri ikakaa juu ya golikipa. "Huyu analia," akasema Chiriku, "mafua yanamtoka." Akacheka. Mwanamke hakuinua uso, kama mtu asivyomtazama ndege aliyetua karibu, asije akaruka.

Karatasi juu ya karatasi, wanga juu ya wanga, mpaka wekundu wote ukafunikwa, pakabaki fundo tu na uzi wake.

Ewe nuru, siku ile ulikuwa wapi? Umeadimika, umejifunika mawingu, na karatasi mbichi inangoja. Kama puto litasinyaa kabla ganda halijakauka, ganda litaporomoka nalo, na mtoto atabaki na kiganja cha uji wa magazeti, na mwanamke atabaki kuwa yule aliyeiua pumzi ya baba. Hilo alilijua tangu mwanzo. Alilijua aliposema njoo.

Basi akakaa na makaa. Mashati ya watu yalilala na mikunjo yao. Aliligeuza puto, akaligeuza tena, mgongo wa mkono ukilinda kama askari wa zamu. Upande mmoja ganda lilizama kidogo, likaacha kibonyeo kama shavu la mzee, na roho yake nayo ikazama. Likaishia hapo. Kinyozi alipochungulia mlangoni, alikuta mtu mzima na mtoto wamekodolea macho mpira wa magazeti, jasho linawatoka.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Nyamaza," Chiriku akamwambia. "Anakauka."

Akakauka. Kesho yake wakaongeza tabaka, na jua likarudi kama mtu aliyekwenda dukani tu. Siku zilizofuata Chiriku alikuwa akiweka sikio kwenye karatasi. Mle ndani mlikuwa na sauti ndogo ndogo: tap, tap. Mpira ulikuwa ukijibandua, unasinyaa, unaliachia ganda. Na ganda, gumu sasa kama kibuyu, halikusogea.

"Ni nini kinagonga?"

"Mpira unaondoka."

Mtoto akafikiri. Akaweka sikio tena.

Ikafika asubuhi ambayo ukilitikisa unasikia kitu kikavu kikicheza ndani. Mwanamke akachukua kisu, akakata duara dogo kuzunguka fundo, akavuta uzi. Likatoka lile lililokuwa puto: kipande cha mpira chekundu, kimekunjamana, hakijai hata kiganja. Akakishika kwa ncha za vidole. Akangoja kilio. Alikuwa amekiandalia kifua tangu alfajiri.

Chiriku hakukitazama kipande kile hata kidogo. Alirusha kiganja chake, pwa, akaziba tundu.

"Usiiachie! Imetoka kwenye mpira. Imo humu!"

Na mwanamke, aliyekuwa amefikiri kuhusu wanga, na makaa, na mashati, na lawama, hakuwahi kufikiri hilo. Puto limekwisha. Pumzi imehama nyumba.

Mtoto akasogeza uso. Akaondoa kiganja upesi, akabandika pua na mdomo mahali pake, akavuta. Akavuta mpaka mabega yakapanda masikioni. Akashikilia. Akaachia.

"Ananukia gazeti," akasema. Kisha akaziba tena tundu, na kwa uso wa mtu anayegawa chakula kidogo kwa haki, akalinyanyua ganda kwa mikono miwili, juu, kuelekea kwa yule mwanamke.

"Vuta na wewe. Nimekubakishia."

Mwanamke akainama. Kiganja kidogo kikatoka, uso wake ukaingia. Kulikuwa na giza mle, na harufu ya wanga, ile ile inayomwamsha kila siku. Akavuta pumzi ya mume wake, au ya karatasi, au ya asubuhi. Alipoinuka, macho yalikuwa yamelowa.

"Umemaliza yote?" Chiriku akauliza.

"Yote."

"Basi tumjazie yetu. Akirudi naye avute."

Wakapuliza, mmoja baada ya mwingine, na zikachanganyika, na safari hii hakuna aliyekataza. Wakachukua kipande cha mwisho cha gazeti, wakakitia wanga, wakaziba.

"Mama Pasi, karatasi inavuja?"

Angeweza kusema hapana.

"Inavuja. Lakini haisinyai."

Mtoto akalipima neno lile kwa kichwa upande. Akaona linatosha. Kisha akaanza kusema. Akasema kwamba watalipaka rangi, si nyekundu, labda ya kijani, na kwamba kile kibonyeo kisizibwe, na baba akipiga simu yeye ndiye atakayepokea, na amwambie achomelee milango vizuri, asikimbize, watu wasije wakaangukiwa, na je, kinyozi ana magazeti mengine? Alisema mpaka pasi ikapata moto na shati la kwanza likalala mezani.

Dirishani, nuru ililifikia ganda lile ikasimama. Haikuwa na pa kupenya. Ikatulia juu ya bei za mahindi, juu ya golikipa, juu ya kiraka kilichokuwa bado kibichi, ikaanza taratibu kukikausha.