Mlango wa Mbele wa Namba Ishirini na Mbili

Jumatatu asubuhi Verlene Stribling alikaa kwenye meza ya jikoni, miwani imemshuka puani, akaandika habari za Juni. Jarida la mtaa wa Larkmoor lilikuwa karatasi moja, mbele na nyuma, na huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja wa kulihariri, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Bwawa la kuogelea litafunguliwa Jumamosi. Mapipa ya taka yarudishwe uani kabla ya saa moja jioni. Mabata bukini wasilishwe mkate. Mkutano mkuu wa wenye nyumba ni Alhamisi, na kura ya kufuta kifungu cha tisa itapigwa tena. Mwisho aliongeza tangazo la kila mwezi: wanaoleta mizigo namba ishirini na mbili wapite jikoni, maana mlango wa mbele haumfungukii mwenye nyumba.

Haukuwahi kumfungukia tangu alipoinunua nyumba hiyo, miaka ishirini na sita iliyopita. Ulimfungukia mleta piza, fundi bomba, na jirani yake Trudi Vandermolen alipokuja kuazima ngazi. Mtu akiushikilia ili Verlene apite, ulijifunga wenyewe, polepole na kwa adabu, kabla hajainua mguu. Fundi wa vitasa alikuja na kisanduku chake, akachokonoa, akasema kitasa ni kizima, tatizo ni hati. Hati ya mtaa iliandikwa mwaka 1946, na kifungu chake cha tisa kilisema nyumba ya Larkmoor isitumiwe wala kukaliwa na mtu asiye Mzungu, isipokuwa mtumishi wa nyumbani anayemtumikia mwenye nyumba. Mahakama ilikwisha kukiua kifungu hicho kabla Verlene hajazaliwa. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa mlango. Verlene, Mmarekani mweusi, aliubadilisha mara tatu, na kila mlango mpya ulijifunza kazi ndani ya wiki moja. Lakini kwa kuwa alijipikia, alijifulia na kujifagilia, nyumba ilimhesabu kuwa mtumishi wake mwenyewe, na kwa jikoni alipita bila matata.

Alikuwa amezoea, na kuzoea huko kulimuudhi kuliko mlango wenyewe. Jambo moja hakulizoea. Mumewe Lucius alipofariki alitolewa kwa jikoni, na wabebaji wakalazimika kumsimamisha wima ili wapite kona ya friji. Sasa mama yake, Ozella, mwenye miaka tisini na mmoja, alikuwa anakuja Jumamosi kukaa naye, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Jikoni kulikuwa na ngazi sita na kona ile ile. Verlene aliomba kujenga mteremko upande huo, kamati ya mandhari ikakataa, eti ungekaribia mno uzio wa jirani. Ikamruhusu kujenga wa mbele, mradi upakwe rangi ya kijivu. Ukajengwa. Ulikuwa mteremko mzuri sana, na juu yake mlango ambao haukuwa na habari naye.

Kifungu kingefutwa kwa theluthi mbili ya nyumba zote themanini na nane, yaani nyumba hamsini na tisa. Asiyepiga kura alihesabiwa kuwa amekataa. Mwaka uliotangulia zilipatikana thelathini na saba. Kwa hiyo Jumanne Verlene alivaa viatu vyake vya kutembelea, akabeba fomu na kalamu nne, akaanza na Trudi.

“Yaani hicho kitu bado kipo?” Trudi alisema, mkono kifuani. “Aibu gani hii, Verlene!”

“Kipo. Weka sahihi hapa.”

“Ngoja Bob arudi basi, mpenzi. Nyumba ni yetu wote wawili.”

“Bob si huyo kwenye gari? Nauona upara wake.”

Bob akaitwa, akasaini juu ya boneti. Nyumba ya tatu kutoka hapo mwanamume mmoja alikuwa anamwagilia majani.

“Mimi niko na wewe mia kwa mia, Bi Verlene. Alhamisi nitakuja mwenyewe.”

“Mwaka jana ulikuja?”

“Mwaka jana kulikuwa na mechi.”

“Na Alhamisi hii?”

Mwanamume akafunga bomba. “Nisaini wapi?”

Alitembea hivyo siku mbili, magoti yakiwaka moto. Hakukutana na mtu hata mmoja aliyekitetea kifungu. Alikutana na watu waliokuwa na haraka, waliosema watalisoma kwanza, waliomkaribisha ndani kwa milango yao ya mbele na kumpa maji baridi ya limau. Hadi Alhamisi mchana alikuwa na nyumba hamsini na mbili.

Mkutano ulifanyika ukumbini kando ya bwawa. Mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba, Gordon Aldinger, alikuwa mtu mpole aliyefungua kila kikao kwa kusifu biskuti. Mabata bukini walichukua saa nzima. Kifungu cha tisa kilipofikiwa, viti vya nyuma vilikwisha kuwa vitupu. Fomu na mikono vilijumlishwa, zikawa nyumba hamsini na sita, pungufu tatu.

“Iandikwe kwamba hakuna aliyepinga,” Gordon alisema. “Hilo linatia moyo kwa kweli.”

“Mama yangu anakuja keshokutwa, Gordon,” Verlene alisema. “Aingilie wapi?”

“Kifungu hakina nguvu, Bi Verlene. Kisheria ni maandishi matupu.”

“Njoo umwambie mlango.”

“Mwaka ujao tutakiweka juu kabisa kwenye ajenda. Kabla ya mabata.”

Jumamosi Verlene alimsukuma mama yake kwenye mteremko wa kijivu mpaka barazani. Ozella aliutazama mlango kuanzia juu hadi chini, nao haukusogea.

“Ndio huu?”

“Ndio huu, Mama.”

Bob na majirani wengine wawili walikuwa wamekuja kujitolea. Walikiinua kiti na Ozella juu yake, wakaanza kuzunguka kuelekea jikoni.

“Nyie watu wazuri, nawashukuru,” Ozella alisema. “Sasa nirudisheni mliponitoa. Kwa jikoni nimepita miaka arobaini na moja, naosha vyombo vya watu na kulea watoto wao. Ilikuwa kazi. Kwa mwanangu sikuja kazini.”

“Mama, mbele hapafunguki.”

“Nimesikia. Basi nitakaa hapa hapa mbele.”

Verlene alitaka kubishana, akaona aibu, kisha akaona fahari, na fahari ikashinda. Bob na wenzake wakaingia kwa mlango wa mbele kutoa vitu, nao ukafunguka wazi kwa kitanda, kwa kabati, na kwa taa ya kusomea. Trudi akafunga chandarua. Ozella akahamia barazani, na jirani yeyote aliyepita alitumwa ndani kuchukua hiki au kile.

Jumanne Gordon alifika na bahasha.

“Fanicha ya ndani hairuhusiwi kukaa baraza ya mbele,” alisema, macho kwenye viatu vyake. “Kanuni ya thelathini na nne. Mna siku kumi na nne.”

“Na hiyo ni maandishi matupu?” Ozella aliuliza.

“Hapana, mama. Hiyo inafanya kazi.”

“Haya. Kijana, upepo unaniingia. Sweta yangu ya buluu iko chumbani, nyuma ya mlango. Niletee.”

Gordon alikuwa na miaka sitini na minne. Alipangusa viatu, na mlango ukafunguka kabla hajagusa kitasa. Walimsikia akitembea ndani, akifungua chumba kisicho chenyewe, akiomba radhi peke yake. Alirudi na sweta, akampa Ozella, kisha akampa Verlene bahasha.

Verlene alimnyooshea ubao wa fomu. “Hizi ni za mwaka ujao. Anza wewe.”

“Mwenyekiti hasaini, Bi Verlene. Lazima nisimame katikati.”

Alikuwa amesimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na mlango umetulia wazi kwa ajili yake. Ozella alichungulia kupitia ubavuni mwake. Aliona zulia, kiti cha Lucius, picha za harusi ukutani.

“Kumbe una sebule nzuri, mwanangu,” alisema.

“Ndiyo, Mama.”

“Basi kwa kuwa uko katikati,” Ozella alimwambia Gordon, “rudi ulete chai. Iko kwenye friji, jagi la njano. Glasi mbili.”

Gordon akaenda. Verlene akaandika jina la Gordon kwenye fomu ya kwanza, akaacha wazi mahali pa sahihi, akaweka kalamu juu yake.