Subiri Hapohapo Ulipo

Nasif asije akaniambia tena habari za kurahisisha kazi. Ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, lakini siku hizi nikimwona anafungua ile kompyuta natoka nje.

Tunasafirisha mizigo. Ofisi yetu iko Bugolobi, upande wa viwandani, na wateja wengi ni Wakongo na Wakenya, kwa hiyo mambo yote tunayaandika kwa Kiswahili. Anwani ya barua pepe tunayo moja tu, ya ofisi, na ukoo mzima unaitumia. Mialiko ya harusi, matokeo ya mitihani, majibu ya hospitali, vyote vinaangukia humo. Sisi Wanubi wa kwetu ndivyo tulivyo, kitu cha mmoja ni cha wote. Rukiah, kitinda mimba wetu, ndiye aliyeichora anwani hiyo mlangoni kwa rangi nyekundu. Alilalamika mkono umemuuma, tukamcheka.

Huyo Rukiah alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa, halafu kimya. Wakala aliyempeleka alituambia matajiri wa huko huwa wanazichukua simu za wasichana, tusihofu. Tusihofu! Mama akawa anakisukuma chakula tu kwenye sahani. Mimi simu sikuiacha hata nikienda chooni, nikingoja namba ya kigeni.

Wakati huohuo barua za wateja zilitushinda. Mtu anaandika asubuhi, mchana anauliza mbona hujamjibu, jioni anatukana. Nasif, aliyesomea mambo hayo chuoni Kyambogo, akaleta viprogramu vyake vya kubandika kwenye brauza. Kimoja kilizipanga barua: wateja tunaowajua juu, na yeyote ambaye hatujawahi kumwandikia anatupwa pembeni, kwenye kikapu alichokiita cha wageni, tumsome tukipata nafasi. Kingine kilimjibu kila mtu papo hapo. Maneno ya kujibu akaniomba mimi, kwa kuwa wateja wananijua. Nikamtajia: Tumepokea ujumbe wako. Usiwe na wasiwasi, tunalishughulikia jambo lako. Subiri hapohapo ulipo, tutakufikia. Jamilah. Hilo la kusubiri nililiweka kwa ajili ya wenye mizigo mpakani, maana dereva akifika anakuta wameshaondoka.

Kazi ikawa nyepesi kweli, siwezi kusema uongo. Matusi yakaisha. Kikapu cha wageni hatukukigusa, Nasif alisema kimejaa matangazo matupu.

Jumatatu moja akaingia msichana mwembamba, Mwacholi, akasema anaitwa Amito. Alikuwa amesimama kwanza mlangoni akiisoma ile anwani, anatabasamu. Alituambia huko Uarabuni alifanya kazi nyumba iliyopakana na ya Rukiah. Namba zetu zote zilipotea na simu, lakini anwani ilibaki kichwani mwa Rukiah kwa kuwa aliichora mwenyewe. Aliiba dakika kwenye tableti ya mtoto wa tajiri wake, akatuandikia. Wallahi nilifurahi, nikamwita Nasif alete soda. Ndipo Amito akauliza:

"Rukiah yuko nyumbani, au ametoka?"

Nikamwambia hatujamwona, wala hatujasikia lolote kutoka kwake. Alinitazama kama mtu anayetaniwa vibaya.

"Dada, si ulimjibu? Kulikuwa na gari la kututoa sote wawili. Nilimvuta mkono, akakataa. Akasema, dada yangu ameandika nisubiri hapahapa, nikiondoka atanikosa."

Soda yake haikufunguliwa. Alieleza kwamba baada ya yeye kutoroka, tajiri aligundua habari za tableti. Habari alizozipata baadaye ni kwamba majirani walisikia Rukiah akipigwa. Kisha familia ile ilihama mji, na hakuna anayejua walikomhamishia.

Nasif alikifungua kikapu cha wageni. Barua za Rukiah zilikuwa humo, katikati ya matangazo ya viatu, kutoka anwani yenye jina la mtoto wa Kiarabu. Ya kwanza ilisema yote: pasi ya kusafiria imefungiwa, anapigwa, kuna gari Alhamisi, je, apande au sisi tuna mpango? Chini yake palikuwa na jibu langu, na jina langu. Ya pili ilikuwa fupi.

"Dada Jamilah, nimelia kwa furaha. Kumbe mnajua. Basi siendi na Amito, nasubiri hapahapa. Mwambie Mama ale, namjua."

Na hiyo nayo nilikuwa nimeijibu, dakika ileile. Tumepokea ujumbe wako. Usiwe na wasiwasi.

Nasif alilia, akasema yeye alibandika tu, maneno yalikuwa yangu. Ni kweli yalikuwa yangu. Nikampiga kofi mbele ya mgeni, na sijamwomba radhi.

Viprogramu ameshavitoa. Polisi tumeripoti, yule wakala hapokei simu zetu. Ile anwani ya mtoto ninaiandikia kila nikifungua ofisi, hairudishi neno. Jioni nikifika nyumbani nampakulia Mama, nakaa mbele yake, namwambia ale. Sijamwambia ni nani aliyenituma.